Si Anaongea?

Siku ya tatu wodini ndo nilianza kuhesabu vichwa. Sikuwa na kazi nyingine, mdogo wangu kalala hajui nani kaja nani kaondoka, ukishamfuta uso na kumsaidia nesi kumgeuza unabaki umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa unaangalia huku na huku mpaka muda wa wageni uishe. Upande wetu kulikuwa na vitanda sita na vinne kati ya hivyo vichwa vimefungwa bandeji. Dereva wa bajaji wa Igoma hapahapa Mwanza, mzee wa Magu aliyeanguka kwenye mwembe, kijana wa sekondari aliyegongwa akivuka barabara, na huyu wa kwetu. Wa tano mguu ulikuwa umening'inizwa na uzito, nikasema moyoni afadhali huyu kichwa chake kizima, mke wake akanionyesha mshono unaoanzia kwenye nyusi unapotelea ndani ya nywele. Wa sita alihamishwa kabla sijauliza.

Nikamuuliza sista aliyekuwa zamu, mama wa makamo hivi mpole sana, hivi hii ni wodi ya vichwa? Akasema hapana mama, hii ni wodi ya majeruhi tu, ila ndo wanavyokuja.

Ndo wanavyokuja. Nimekaa na hayo maneno mwaka mzima sasa, na naandika hapa kwasababu kabla ya hapo nilikuwa najua kama mtu yeyote anavyojua kwamba ajali zinaua, lakini sikujua kwamba kwenye ajali mwili hauumii kwa usawa, kwamba kuna sehemu mbili, kichwa na shingo, zinazolipa gharama kubwa kuliko zingine, na kwamba sisi tunaofika wa kwanza pale barabarani, kabla ya daktari yeyote, ndo tunaoweza kuziharibu zaidi kwa mikono yetu wenyewe. Mimi niliharibu, au niseme nilikaribia kabisa kuharibu. Ngoja nieleze.

Ilikuwa Jumamosi jioni, mdogo wangu anatoka Usagara kwenye kikao cha msiba, kapanda boda kurudi Buhongwa. Hiasi iliyokuwa mbele yao ikasimama ghafla kuchukua abiria, boda akakwepa, tairi la mbele likaingia kwenye changarawe pembeni ya lami na pikipiki ikaondoka chini yao. Dereva alikuwa na helmeti kichwani, kachubuka mikono na goti basi. Helmeti ya pili ilikuwepo, tena mpya, imening'inia kwenye usukani, maana helmeti ya abiria huku kwetu ni ya kuonyesha trafiki. Mdogo wangu alitua na panja la kushoto kwenye ukingo wa mtaro wa saruji.

Waliokuwepo wanasema alizima kama dakika mbili. Wakamwagia maji. Wakamnyanyua kwa makwapa wakamkalisha, mmoja akawa anamtikisa kichwa amwite jina, wengine wakamlazimisha anywe maji ya chupa. Akazinduka, akajitaja jina, akauliza simu yake iko wapi, watu wakafurahi wakasema huyu mzima. Wakampakia mshkaki, dereva mbele, yeye katikati, na msamaria mmoja nyuma amemkumbatia, kichwa kinachezacheza kila wanapokanyaga shimo, mpaka zahanati moja hapo njiani. Zahanati wakamshona nyuzi tano wakampa panadol wakamwambia kapumzike nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kama alipoteza fahamu, na yeye mwenyewe asingeweza kujibu, maana hakumbuki.

Mimi nilikuwa Mwaloni pale Kirumba nafunga hesabu za dagaa nilipopigiwa simu. Nilivyofika nikamkuta kakaa kwenye kochi anaangalia mpira. Nikampigia mama Sengerema, nakumbuka maneno yangu yote, nilimwambia mama usiwe na presha, kachubuka tu kichwani, si anaongea? Tena nikampa simu waongee.

Akala ugali kidogo na sato. Akasema dada, shingo inauma kama nimelalia vibaya. Na mimi nikachukua dawa ya kuchua, nikasimama nyuma ya kochi, nikamchua shingo. Nilimgeuza kulia, nikamgeuza kushoto, nikamwambia legeza bana usikaze. Mpaka leo nikinusa ile dawa mikono inakufa ganzi.

Saa nane usiku nikasikia anakoroma. Mdogo wangu hakoromi, tumelala chumba kimoja utoto wetu wote, hakoromi. Nikaenda kumwangalia, katapika kwenye mto na hajaamka. Nikamwita, akafungua jicho akafunga. Nikawasha tochi ya simu nikamfunua macho kwa vidole na hapo ndo nilipojua kuna kitu kikubwa, mboni moja ilikuwa ndogo kama kawaida na nyingine imepanuka imejaa jicho, haiogopi hata mwanga.

Jirani ana kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, Mungu amzidishie, tukaweka godoro nyuma tukamlaza. Hospitali kubwa mjini walimpokea dakika hiyohiyo, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, niliifuata kulivyokucha wakati wao wameshaanza kazi usiku uleule. Kitu cha kwanza walichofanya kilinishangaza. Sikuona mtu anashika kile kidonda. Kijana mmoja alimshika kichwa pande zote mbili kwa mikono miwili kikawa hakiendi popote, mwenzake akamfunga kola ngumu shingoni. Nikasema dokta tatizo ni kichwa jamani, shingo haina kitu. Akanijibu bila kuniangalia, dada, kila aliyeumia kichwa kwetu ameumia na shingo mpaka picha iseme hapana.

Baadaye ndo nikaja kuielewa hiyo kanuni. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 mpaka 5, chukua dumu la mafuta la lita 5 ulishike mkononi upate picha, na hilo dumu limekaa juu ya pingili 7 za shingo ambazo kazi yake ni kugeuka kila upande. Kichwa kikigonga kitu kikasimama ghafla, mwili nyuma yake haujasimama, unaendelea kuja, na kinachobanwa katikati ni shingo. Hesabu wanazofundishwa madaktari wa dharura ni kwamba kwenye watu 100 walioumia ubongo, kama 5 hivi wana jeraha la uti wa mgongo pia, na zaidi ya nusu ya majeraha yote ya uti wa mgongo yanatokea hapo shingoni. Tano kwa mia mtu anaweza kuona ni wachache. Lakini kwa macho huwezi kujua nani yuko kwenye hao watano, na ukikosea kwa mmoja, yule aliyekuwa anatembea asubuhi hatembei tena. Halafu mishipa ya fahamu inayoendesha pumzi inatoka kwenye uti hapohapo shingoni, usawa wa pingili ya 3 mpaka ya 5, kwahiyo mfupa ukikatika juu ukabana uti, mtu anaacha kupumua mkiwa mnamwangalia.

Picha ya siti skani ilitoka. Damu ilikuwa imejikusanya kati ya fuvu na ubongo upande wa panja la kushoto. Na chini kwenye shingo, pingili ya 6 ilikuwa na ufa. Ileile shingo niliyoigeuza kulia na kushoto.

Daktari wa upasuaji alinieleza kuhusu ile damu kabla sijaweka sahihi, na nataka nirudie hapa kwasababu ndo kiini cha habari yote. Panjani mfupa wa fuvu ni mwembamba kuliko sehemu nyingine na ndani yake unapita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka mshipa unachanika, damu inaanza kuvuja polepole. Sasa fuvu ni chungu kilichofunikwa pande zote, halitanuki, damu ikiingia ubongo ndo unasukumwa. Saa ya kwanza na ya pili nafasi bado ipo, mtu anakaa, anaongea, anaangalia mpira, anakula. Halafu nafasi inaisha. Ukizinduka baada ya kuzimia, ukawa mzima masaa kadhaa, hiyo haimaanishi umepona. Inaweza kuwa ndo muda pekee uliopewa wa kufika hospitali, na mimi ule muda niliutumia kumlisha ugali.

Kuna kipimo wanakiita cha Glasgow, kilitungwa mwaka 1974 na madaktari wawili wa mji huohuo wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, na nilikuwa nakisikia wodini kila saa bila kuelewa, "kumi na moja", "tisa", nikidhani ni vipimo vya presha. Wanaangalia mambo matatu, macho yanafunguka vipi, maneno yanatoka vipi, mikono na miguu inajibu vipi. Macho yana alama 4, maneno 5, viungo 6, jumla 15. Chini kabisa ni 3, hata asiyejibu chochote anapata 3. Kuanzia 8 kushuka hali ni mbaya sana. Mdogo wangu alifika hospitali na 9. Na saa moja jioni pale kwenye kochi naamini alikuwa na 15 zake kamili. Kwahiyo angalia, kuongea kwenyewe ni alama 5 tu kati ya 15, na hata hizo 15 ni za dakika ile uliyopima, hazikuambii saa nane usiku itakuwaje. Ndo maana manesi wanarudia kupima, wanatafuta kushuka. Kama mgonjwa wako alikuwa anakujibu vizuri na sasa anajibu ovyo, hiyo ndo taarifa, usisubiri azime.

Basi nikaanza kutafuta kusoma, usiku wodini huwezi kulala. Kumbe hata hapa kwetu Mwanza wameshaandika. Kuna utafiti wa hospitali ya Bugando uliochapishwa mwaka 2012, waliwafuatilia majeruhi zaidi ya 1,600 wa ajali za barabarani, na sehemu mbili zilizoongoza kuumia zilikuwa viungo na mifupa yake, na kichwa. Chombo kilichohusika zaidi kuliko vyote ni pikipiki, na waliojaa humo ni vijana wa miaka ya ishirini. Kwa dunia nzima Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na ndo muuaji namba moja wa watu wa miaka 5 mpaka 29. Yule sista hakuwa na takwimu hizo mkononi lakini alikuwa ameziona kitanda kwa kitanda. Ndo wanavyokuja.

Kuhusu helmeti nitasema kama mwanamke ninayepanda boda kila siku kutoka Buhongwa mpaka Kirumba. Najua kwanini hatuvai. Inanuka jasho la watu ishirini, umesuka nywele juzi kwa hela yako, unaogopa fangasi na mba, na umekaa upande na mzigo mapajani mkono mmoja huna. Zote ni sababu za kweli na sitaki mtu azidharau, ukimwambia dada wa watu vaa tu bila kumjibu hizo hatakusikiliza. Mi sa hivi natembea na kofia ya nailoni ile ya saluni kwenye pochi, naivaa kwanza, halafu helmeti juu, na nakaa mguu huku mguu huku hata kama nimevaa gauni, natanguliza leggings. Na mkanda wa kidevuni nafunga. Helmeti isiyofungwa inaruka kabla kichwa hakijafika chini, ni sawa na haipo. Na hizi kofia za ujenzi ambazo baadhi ya madereva wanakupa, hizo ni za kuzuia tofali dogo lisikudondokee, ndani hazina ule mpira mgumu wa kubonyea na kumeza kishindo. Hata ile nzuri ikishapigwa ajali moja mpira wake umeshabonyea, haifai tena. Waliokusanya tafiti za nchi nyingi wakazipima pamoja walikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69, lakini hiyo ni helmeti yenyewe, imefungwa, iko kichwani. Sio kwenye usukani.

Na hili jambo si jipya. Mwaka 1935 huko Uingereza kuna mwanajeshi maarufu, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki bila kofia akafa baada ya siku 6. Mmoja wa madaktari walioitwa kumhudumia, Hugh Cairns, daktari wa upasuaji wa ubongo, akaenda kuchunguza wanajeshi waendesha pikipiki waliokuwa wanakufa kwa vichwa, akachapisha matokeo mwaka 1941 na jeshi likaanza kulazimisha kofia. Raia wa kawaida huko sheria iliwafikia mwaka 1973. Yani hata wao walijua wakakaa miaka thelathini na ushee. Kwetu sheria ipo, inamtaka dereva na abiria wote wavae, ila abiria amesahaulika kwenye utekelezaji, trafiki akishaona kichwa cha dereva kimefunikwa anapunga mkono mnapita.

Lakini nisiishie kwenye boda, kwasababu Mwanza ina vyake. Huu ni mji wa mawe. Nyumba zimepandana mlimani Mabatini, Igogo, Bugarika, watoto wanacheza juu ya miamba, na mtoto mdogo kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili, akianguka kinatangulia. Msimu wa maembe watu wanaanguka mitini. Na ziwani, hapa naomba wenye vijana wanisikie, wale wanaosimama juu ya jiwe wakajirusha kichwa mbele ziwani. Ziwa letu pembezoni lina mawe chini ya maji kama yalivyo juu, na kina hakiko sawa mwaka mzima. Mtu anaruka palepale aliporuka mwaka jana, utosi unakutana na jiwe, shingo inabeba mwili mzima. Anaelea uso chini, wenzake wanacheka wanajua anawatania. Kama umemuona hivyo mgeuze juu ndani ya maji hukohuko, kichwa na mgongo vikiwa kwenye mstari mmoja, usimvute kwa mkono mmoja kwenda nchi kavu.

Na barabarani? Niliwauliza manesi na madaktari mpaka nadhani walinichoka, na hivi ndo nilivyoelewa. Kama hakuna gari linalokuja kumgonga tena wala moto, muache alipolala. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake, akishike kwa viganja viwili kama umeshika mtungi uliojaa, asikiache, na aongee naye amwambie usigeuke. Pumzi inatangulia vyote, shingo inafuata, kwahiyo akitapika au damu ikijaa mdomoni mnamgeuza kwa ubavu watu wanne kwa pamoja kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda kwa wakati mmoja. Helmeti usimvue kama anapumua vizuri. Maji ya kunywa hapana, chai hapana. Kumbeba ndo tafuta kitu cha bapa, ubao, mlango, godoro gumu, na kirikuu au gari lolote la wazi nyuma, alale chali, dereva aende taratibu. Najua gari la wagonjwa halipo kila kona, najua boda ndo iko karibu, lakini kusubiri dakika kumi kirikuu kije ni tofauti na kumkunja mtu katikati ya watu wawili.

Halafu mtu akisema "si anaongea", muulize alizima? Kama alizima hata dakika moja, aende hospitali yenye siti skani leo, sio kesho. Kama kichwa kinazidi kuuma, katapika zaidi ya mara moja, anasinzia kwa shida kuamka, maji yasiyo na rangi yanatoka puani au sikioni, kuzunguka macho yote mawili pamevilia damu, mkono au mguu mmoja umelegea, kapata degedege, kaanza kuongea visivyoeleweka, twende. Na lile neno jingine, "amelewa huyo", naomba tuliache kabisa. Mlevi naye ana ubongo, na pombe inaficha dalili zote hizi, watu wanamwacha alale kibarazani wanamkuta asubuhi kapoa.

Mdogo wangu walimfungua fuvu alfajiri ile, wakatoa damu. Siku ya tano akaniita dada. Wiki tatu na siku mbili tukatoka, kola aliivaa wiki kumi na mbili, alikuwa analala nayo analalamika joto. Ni fundi simu pale Buzuruga, amerudi kazini, lakini sasa akifungua simu anachora karatasi, kila skrubu anaiweka juu ya namba yake, maana zamani alikuwa anakumbuka yote kichwani na sasa hakumbuki. Kelele nyingi zinamchosha. Kuna siku ana hasira bila sababu na baadaye anakuja kuniomba radhi, nami namwambia ni kichwa, si wewe.

Yule dereva wa boda alikuja hospitali mara mbili na machungwa. Sina kinyongo naye.

Juzi nilipita Buzuruga nikamuona mdogo wangu kwa mbele anatembea, nikamwita. Zamani angenitupia jicho begani tu akaendelea na safari. Alisimama kwanza, akageuka mzimamzima, miguu, mabega na kichwa pamoja, taratibu kama mlango.